Kadi Adimu za Enzi za Karameli

Mwaka 1900 Milton Hershey aliuza kiwanda chake cha karameli cha Lancaster, jimboni Pennsylvania, kwa dola milioni 1. Dunia inamjua kwa chokoleti, lakini fedha zake za mwanzo zilitoka kwenye karameli: sukari na maziwa vilivyochemshwa mpaka vikashikana, vikakatwa vipande vidogo na kufungwa kwenye karatasi, vikauzwa kwa senti. Miaka saba kabla ya hapo, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, alikuwa ameziona mashine za Kijerumani za kutengenezea chokoleti akazinunua, na tangu hapo karameli aliiona kuwa ni mtindo tu wa kuja na kupita. Walionunua, Kampuni ya American Caramel, hawakuona hivyo. Walijipatia biashara kubwa na tatizo kubwa kwa pamoja, kwa sababu Pennsylvania ilikuwa imejaa viwanda vya pipi na karameli ya huyu haikupishana sana na ya yule. Mtoto aliyesimama mbele ya kaunta na senti yake mkononi alihitaji sababu ya kunyoosha kidole huku badala ya kule.

Sababu waliyompa ilikuwa picha ya mchezaji wa besiboli.

Wazo lenyewe lilikuwa la kuazima. Miaka ya 1880 kampuni za sigara za Marekani zilikuwa zikitia kipande cha karatasi ngumu kwenye pakiti ili sigara zisivunjike, kisha zikaona ni hasara kuacha karatasi ile tupu, zikachapa juu yake waigizaji wa kike, bendera, ndege na wachezaji. Mwaka 1888 kampuni ya chingamu ya New York iliyojulikana kama G&B nayo ikatoa kadi za besiboli, na hizo ndizo zinazohesabiwa kuwa za kwanza kutoka na kitu cha kutafunwa badala ya kuvutwa. Halafu mwaka 1890 kampuni kubwa za sigara zikaungana chini ya James Buchanan Duke. Ushindani ulipokufa, haja ya kumbembeleza mteja ikafa nayo, na kadi zikapungua mpaka karibu zikatoweka. Kwa hiyo karne mpya ilipoingia uwanja ulikuwa wazi, na walioingia ni watu wa pipi.

Wa kwanza kuingia kwa kishindo walikuwa Breisch-Williams wa mji mdogo wa Oxford, Pennsylvania. Kadi zao zilitoka kati ya mwaka 1903 na 1904, picha nyeusi na nyeupe, na nyuma ya baadhi yake maandishi yaliahidi wachezaji mashuhuri 150. Mwaka 1903 ndio uliochezwa fainali ya kwanza kati ya bingwa wa ligi ya National na bingwa wa ligi ya American, Boston dhidi ya Pittsburgh, kwa hiyo seti hii imewanasa watu wa kizazi kile wakiwa bado vijana: Christy Mathewson, Honus Wagner, Nap Lajoie. Kadi nyingine zina jina la kampuni lililogongwa mhuri kwa mshazari mgongoni, nyingine mgongo wake ni mweupe kabisa. Wapo wachezaji kwenye seti hii ambao nakala zao zinazojulikana hazifiki 10 duniani kote. Mkusanyaji anaweza kuwa na fedha zote anazotaka na bado asiikamilishe, maana hakuna cha kununua.

Uadimu wa aina hiyo ndio wa kawaida zaidi, na maelezo yake hayana siri. Kampuni ilikuwa ndogo, pipi zake hazikufika mbali, na mnunuzi alikuwa mtoto. Mtu mzima aliyepata kadi kwenye pakiti ya sigara aliweza kuitia kwenye droo au kumpa mwanawe, ikakaa. Mtoto aliipata kadi mkono mmoja na karameli mkono mwingine. Aliikunja ikaingia mfukoni, akaichezea kamari ukutani na wenzake, akaibandika kwenye daftari kwa gundi ya unga. Kisha akakua, akahama nyumbani, na mama akafagia. Zilizobahatika kuhifadhiwa mpaka miaka ya 1940 zikakutana na kampeni za vita za kukusanya karatasi chakavu, ambazo zilimeza maboksi kwa maboksi ya vitu vya utotoni bila mtu kuona uchungu.

Mwaka 1909 mlango ulifunguka wazi. Kampuni za sigara zilirudi na seti kubwa, ambayo wakusanyaji leo wanaiita T206, yenye kadi 524, na viwanda vya pipi vikajibu kwa vurugu. American Caramel wakatoa yao kutoka Philadelphia. Philadelphia Caramel, ambao licha ya jina lao walikuwa ng'ambo ya mto huko Camden, New Jersey, wakatoa 25 mwaka huo, na mwaka uliofuata wakaongeza 30 na kuandika mgongoni kwamba jumla sasa ni 55. Standard Caramel wa Lancaster wakatoa 30. Dockman wa Baltimore, Briggs wa Boston, George Close wa Cambridge huko Massachusetts, kila mmoja na zake. Na hapa mambo yanachekesha, kwa sababu wengi wa hao hawakuwa na picha zao wenyewe. Michoro ileile ilizunguka kutoka kampuni moja hadi nyingine. Seti moja ya mwaka 1909 ina uso uleule upande wa mbele, lakini ukiigeuza unakuta mara tangazo la Dockman, mara pipi za Croft, mara kakao ya Croft, mara karameli za Nadja. Mchezaji ni yuleyule, rangi ni zilezile, lakini bei inapanda au kushuka kwa kutegemea tangazo la nyuma.

American Caramel walikwenda mbali zaidi. Kati ya mwaka 1908 na 1910 walitoa seti tatu za wachezaji 33 kila moja, na michoro yote ilikuwa 33 tu. Mtu anayerusha mpira kwenye seti ya kwanza anarudi kwenye ya pili akiwa na jina la mtu mwingine, na kwenye ya tatu jina la mtu wa tatu. Hakuna sura ya mchezaji yeyote pale. Wakusanyaji wengi wanaidharau seti hii na bei zake zinaonyesha hivyo. Mimi nadhani ndiyo inayosema ukweli zaidi kuhusu biashara nzima: kiwanda kilikuwa kinauza sukari, na jina chini ya picha lilitosha.

Lakini mwaka huohuo wa 1909 kampuni hiyohiyo ilianza kuchapa seti nyingine, na hii ndiyo mama wa zote. Kwenye orodha za wakusanyaji inaitwa E90-1. Kadi yenyewe ni ndogo, upana karibu sentimita 4 na urefu sentimita 7, ndogo kuliko kadi za karata. Mchezaji amechorwa kwa rangi zilizokolea mno, nyekundu, kijani, njano, nyuma yake anga la rangi moja au jua linalozama, kana kwamba mchoraji aliambiwa ashindane na karatasi za pipi. Chini kuna ukanda mweupe wenye jina la mchezaji na timu yake. Ukiigeuza, maandishi yanakwambia hizi ni karameli za besiboli za Kampuni ya American Caramel, Philadelphia, na kwamba kadi ni moja ya seti ya 100. Wakusanyaji waliohesabu miaka mingi baadaye walipata 120. Kiwanda kiliendelea kuchapa mpaka mwaka 1911, wachezaji wakihama timu, wengine wakiongezwa, wengine wakiondolewa, bila mtu kurudi kusahihisha namba ya nyuma.

Kuondolewa huko ndiko kulikozaa uadimu wa aina ya pili. Karatasi kubwa ya kiwandani ilichapwa kadi nyingi kwa mpigo, na mchezaji aliyetolewa mapema kwenye karatasi hiyo alibaki na nakala chache kuliko jirani zake. Ukimuuliza mtu aliyeihangaikia seti hii ni kadi gani iliyomnyima usingizi, hatataja nyota kama Ty Cobb au Cy Young. Atataja Mike Mitchell wa Cincinnati. Mitchell alikuwa mchezaji mzuri wa uwanja wa nje, mwenye mkono mkali wa kurusha, lakini hakuna aliyewahi kumjengea sanamu. Watu wamekamilisha 119 na kukaa miaka wakimsubiri yeye. Aliyewahi kukusanya vizibo vya soda vyenye picha, akabakiwa na kimoja ambacho mtaa mzima hakipatikani, anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Kadi nyingine ya seti hiyo inaonyesha kijana aliyeandikwa Jackson. Joe Jackson alitoka familia ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo huko South Carolina, aliingia kiwandani akiwa mtoto, na hakujifunza kusoma wala kuandika. Philadelphia Athletics walimleta mjini, akachukia mji, akacheza mechi 5 mwaka 1908 na nyingine 5 mwaka 1909. Hizo 10 ndizo zote alizowachezea. Seti kubwa ya sigara haikumwona wa kumchapa. Kiwanda cha karameli, kwa kuwa kilikuwa Philadelphia na kiliwafahamu hata vijana wa benchi wa timu ya mjini, kilimchapa. Mwaka 1910 akapelekwa Cleveland na huko akalipuka kuwa mmoja wa wapigaji hodari kuliko wote waliowahi kushika gongo. Baada ya kashfa ya fainali za mwaka 1919, wachezaji wa Chicago, yeye akiwa mmoja wao, walipotuhumiwa kupokea rushwa ili wafungwe, alifungiwa maisha pamoja na wenzake saba. Kadi ile ya karameli imebaki kuwa yake ya mwanzo.

Naye Honus Wagner, ambaye kadi yake ya T206 ndiyo maarufu kuliko zote, ana kisa chake na pipi. Inajulikana kwamba uchapishaji wa kadi yake ya sigara ulisimamishwa mapema. Wapo wanaosema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wapo wanaosema alitaka alipwe. Vyovyote iwavyo, nakala zilizobaki ni kati ya 50 na 60 hivi, na mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Lakini kwenye karameli Wagner yumo tele: American Caramel walimchapa akipiga na wakamchapa akirusha, wakamweka tena kwenye seti ndogo ya wachezaji 11 wa Pittsburgh, na viwanda vingine vikampanga foleni. Baadhi ya kadi hizo za pipi ni ngumu kupatikana kuliko ile ya sigara, ila hazina umaarufu wake.

Mwaka 1914 wakaja Cracker Jack. Hawa walikuwa wakubwa: ndugu wawili Rueckheim, wahamiaji kutoka Ujerumani, waliokuwa wakiuza Chicago bisi na karanga zilizopakwa molasi, na tangu mwaka 1912 kila boksi lilikuwa na zawadi ndani. Mwaka 1914 zawadi ikawa kadi, 144 kwa jumla, kila mchezaji akiwa mbele ya mandhari nyekundu kama damu. Zikawekwa ndani ya boksi pamoja na bisi, bila kitu cha kuzitenga. Yeyote aliyewahi kushika bisi za molasi anajua kilichofuata. Karatasi ilikuwa nyembamba, molasi ikapenya, na kadi nyingi za mwaka 1914 zilizopo leo zina madoa ya kahawia ambayo hayatoki. Safi kabisa ni ya kutafuta kwa tochi.

Mwaka 1915 kampuni ikarudia, kadi sasa 176, nyingi zikiwa na picha zilezile. Safari hii waliongeza njia nyingine: mtoto angeweza kutuma kuponi 100, au kuponi moja na senti 25, akaletewa seti nzima kwa posta. Seti hizo hazikuwahi kuonana na molasi. Ndiyo maana kadi za mwaka 1915 zipo kwa wingi zaidi na zikiwa safi, na za mwaka 1914 ni chache na zina madoa, ingawa zinafanana kiasi cha kumchanganya mgeni. Njia ya kuzitenganisha ni kuzigeuza. Kwenye zile za 1915 maandishi ya nyuma yamechapwa kichwa chini, kwa sababu kampuni iliuza pia albamu ya kuzibandikia, na kadi ikishikizwa kwa ukingo wa juu mtoto angeinyanyua kama jani la kalenda na kusoma mgongo wake ukiwa sawa. Mtu mmoja kwenye chumba cha matangazo alikaa akalifikiria hilo, na leo wazo lake dogo linaamua maelfu ya dola.

Upande wa pili wa nchi mambo yalikwenda kivyake. Ligi kuu mbili zilikuwa na timu 16, na mpaka mwaka 1958 hakuna iliyocheza magharibi zaidi ya mikoa ya katikati. Watu wa California walikuwa na ligi yao ya Pasifiki, na Kampuni ya Collins-McCarthy ya San Francisco ikaitumia kuuza bisi zake tamu za Zee-Nut kuanzia mwaka 1911 hadi 1938, miaka 28 mfululizo. Hakuna kampuni nyingine ya zama zile iliyodumu hivyo. Kadi za Zeenut zilikuwa na kuponi chini, yenye tarehe ya mwisho, ya kukatwa na kubadilishwa kwa zawadi. Watoto wakakata. Kwa nini wasikate? Kadi yenye kuponi yake nzima leo ni kitu cha kuonyeshwa watu, na maana yake ni kwamba kuna mtoto aliyesahau, aliyeugua au aliyechelewa. Kadi za kijana wa San Francisco Seals aliyepiga mpira salama katika mechi 61 mfululizo mwaka 1933 zimo humo, jina lake likiwa limeandikwa vibaya. Ni Joe DiMaggio.

Zawadi zilileta uadimu wa aina ya tatu, na huu ulikuwa wa makusudi. Kampuni inayoahidi zawadi kwa anayekamilisha seti ina sababu nzuri sana ya kuhakikisha wachache wanakamilisha. Maple Crispette wa Montreal, Kanada, walitoa mwaka 1923 seti ya kadi 30 kwa masharti kama hayo. Kadi 29 zinapatikana kwa taabu ya kawaida. Namba 15, Casey Stengel, ambaye wakati huo alikuwa akichezea New York Giants na baadaye angekuwa kocha wa Yankees mwenye vikombe vingi, inajulikana nakala moja tu.

Wengine wakaiga. Mwaka 1932, nchi ikiwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, U.S. Caramel wa East Boston walitoa seti ya wanamichezo 32: wachezaji 27 wa besiboli, mabondia 3 na wacheza gofu 2. Babe Ruth alikuwemo, Lou Gehrig alikuwemo, Ty Cobb alikuwemo, Jack Dempsey alikuwemo, na wote walipatikana. Namba 16 haikupatikana. Wakusanyaji waliandika 31 kwenye orodha zao kwa miongo kadhaa, na wengine wakaamini haikuwahi kuchapwa. Hatimaye ikajitokeza, na ilikuwa Fred Lindstrom wa New York Giants, ambaye mwaka 1924 alicheza fainali akiwa na miaka 18 tu. Nakala zake zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kampuni hiyohiyo ilitoa pia seti ya marais wa Marekani, na humo anayekosekana ni William McKinley. Wakichagua rais wa kumficha, walijua wamchague ambaye hakuna mtoto angeandika barua kuuliza habari zake.

Ujanja huo ulifikia kilele nje ya karameli. Goudey wa Boston, watengenezaji wa chingamu, walitoa mwaka 1933 seti iliyohesabiwa mpaka 240, wakaruka namba 106. Watoto wakaendelea kununua chingamu wakiitafuta. Safari hii wazazi na watoto waliandika barua kweli. Mwaka 1934 kampuni ikachapa namba 106, Nap Lajoie, mzee aliyekuwa ameshaacha kucheza ligi kuu tangu mwaka 1916, ikawatumia waliolalamika kwa posta. Kadi ilishikizwa kwenye barua kwa klipu ya karatasi, na nyingi kati ya zilizopo mpaka leo zina alama ya klipu hiyo kwenye ukingo. Mkusanyaji wa kawaida huchukia mkunjo wowote kwenye kadi. Kwa Lajoie huyu, nadhani asiye na alama ya klipu ndiye wa kutiliwa shaka.

Yote haya tunayajua kwa mpangilio kwa sababu ya mtu mmoja asiye na makuu. Jefferson Burdick alizaliwa mwaka 1900 karibu na Syracuse, jimbo la New York, akafanya kazi kwenye kiwanda cha vifaa vya umeme, na tangu ujana alisumbuliwa na ugonjwa wa viungo uliomkunja vidole kadiri miaka ilivyokwenda. Viwanda havikuacha kumbukumbu yoyote ya kadi zao. Burdick akazikusanya, akazipanga na kuzipa majina ambayo ndiyo yanayotumika mpaka leo. T ni za tumbaku za karne ya 20, N ni za karne ya 19, E ni za pipi na chingamu za mwanzo, R ni za miaka ya karibu, kwa yeye ambaye karibu yake ilikuwa 1930. Orodha yake ya kwanza ilitoka mwaka 1939. Ndiyo maana wauzaji wa kadi duniani kote wanaitana kwa herufi na namba kama mafundi wa spea.

Kuanzia mwaka 1947 Burdick alianza kupeleka mkusanyiko wake kwenye Jumba la Makumbusho la Metropolitan jijini New York: zaidi ya vitu 300,000, kati yake kadi za besiboli zaidi ya 30,000. Msimamizi wa idara ya michoro, A. Hyatt Mayor, alimkubalia kwa sharti kwamba yeye mwenyewe azipange. Alipewa meza. Miaka 15 alikaa pale, mwanzoni akisafiri kutoka Syracuse, kisha akahamia New York kabisa, akibandika kadi kwenye kurasa za albamu kwa gundi, kitendo ambacho mkusanyaji wa leo hawezi kukisikia bila kushika kichwa. Alimaliza tarehe 10 Januari 1963. Miezi miwili baadaye alifariki. Gundi ile iliziharibia kadi bei ya sokoni, lakini hizo hazitaingia sokoni.

Sokoni kwenyewe, uadimu unaweza kutoweka kwa siku moja. Kuna seti ya mwaka 1910 iitwayo E98, wachezaji 30 kwenye mandhari ya rangi moja, isiyo na jina la kampuni popote. Mpaka mwaka 2012 kadi zake safi zilikuwa haba. Februari ya mwaka huo, katika mji wa Defiance, Ohio, ukoo mmoja ulikuwa ukisafisha dari la nyumba ya marehemu babu yao, aliyekuwa na bucha mjini hapo na kufariki miaka ya 1940. Chini ya nyumba ya kuchezea ya wanasesere kulikuwa na boksi la karatasi lenye masizi, na ndani yake mamia ya kadi zimefungwa mafungu kwa kamba. Zilikuwa karibu 700. Ukoo unadhani babu alipewa na muuza pipi azigawe kwa wateja wa bucha, akagawa baadhi, zilizobaki akaziweka darini. Hakuna mtoto aliyezishika. Wapima ubora waliotumiwa sampuli walikuta rangi na kona za kadi za jana.

Agosti hiyo 37 kati yake zilipigwa mnada Baltimore kwa jumla ya dola 566,132, na Wagner mmoja aliyepewa alama kamili ya 10 peke yake alikwenda kwa dola 239,000. Wajukuu 20 waliogawana boksi wote walifurahi. Waliokuwa wamelipa bei kubwa mwaka uliotangulia kwa kadi hizohizo zenye kona butu walikaa kimya.

Tukio hilo lilitoa somo la hesabu ambalo soko la kadi hujifunza na kulisahau kila mara: wingi wa nakala na bei ni mambo mawili tofauti. Joe Jackson wa karameli si kadi adimu kuliko zote za seti yake. Nakala zipo za kutosha kuonekana minadani mara kwa mara, na iliyo safi huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, kwa sababu ya kashfa, sinema zinazomhusu na huruma ya watu kwa kijana asiyejua kusoma. Mike Mitchell ni haba kuliko Jackson, na huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Wanaomtafuta ni wale waliobakiza yeye peke yake.